Ngoma ya Mashujaa na Maboga ya Jumbe Kiboko

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa siri.
Tutaificha wapi?
Chini ya ulimi.

Haya, niapieni kwanza kwamba haya hayatoki nje ya ua huu. Mimi nami niliapishwa na Bi Kwale, aliyenihadithia, nikaapa kweli kweli. Nimemwambia dada yangu tu, na mama wa maandazi, na yule wa ng'ambo ya kisima kwa sababu alikuwa anaumwa, na mgonjwa huwezi kumnyima habari. Sasa nawaambia ninyi, halafu basi.

Hapo kale wanyama wa bondeni walipigana na mbwa mwitu. Waliokwenda vitani walikuwa wengi, waliorudi wachache. Mmoja wao ni Mzee Nyati. Pembe yake moja ilibaki huko huko, na mguu wa nyuma akawa anauburuta: kwaru, kwaru, kwaru.

Jumbe wao alikuwa Kiboko. Yeye vitani hakwenda. Alibaki kulinda maji, na kweli aliyalinda, maana alikuwamo ndani mpaka puani.

Vita vilipokwisha, Jumbe akaweka Siku ya Mashujaa. Kila mavuno, kila nyumba ilete boga lake zuri kuliko yote, wakongwe wa vita wale washibe. Wanyama wakaleta kwa moyo mmoja, maana waliwapenda wakongwe wao. Maboga yakawekwa katikati ya uwanja, yakazungushiwa mikeka iliyofungwa kwa kamba, na Jumbe akaingia peke yake.

"Wakongwe wameshaingia kwa mlango wa nyuma," alisema. "Kumchungulia shujaa akitafuna ni kumvunjia heshima. Na anayeuliza maswali hanipendi mimi."

Basi wanyama wakakaa nje, wakasikiliza. Kwachu, kwachu, kwachu.

"Wanakula vizuri," Mama Ngiri alinong'ona, "kwa watu wasio na meno."

Baada ya kula, Nyani hupiga ngoma ya mashujaa. Na hiyo ngoma ina sheria yake. Ikilia, kila mnyama asimame vile vile ilivyomkuta, asitikise hata sikio, mpaka Jumbe mwenyewe aseme, "Basi." Mwaka mmoja Swala aling'atwa na kupe, akajikuna shingo. Alijikuna tu. Jumbe akamfukuza bondeni, yeye na mwanawe mchanga, eti kawadharau mashujaa. Hakuna aliyemtetea. Nani aseme, aambiwe hampendi Jumbe?

Sasa, jirani yake Mzee Nyati alikuwa Pimbi, kiumbe mdogo wa kwenye mawe, meno mbele, akili nyuma ya meno. Siku moja akamtazama mzee, akasema, "Babu, mbona mbavu zote ziko nje?"

"Njaa, mjukuu wangu. Majani ya karibu yamekwisha, na mguu haunifikishi ya mbali. Kiangazi hiki sidhani kama nitakivuka."

"Na yale maboga ya Siku ya Mashujaa?"

"Maboga gani?"

Pimbi akamsogelea. "Kwani siku ile wewe huwa wapi, babu?"

"Hapa hapa. Jumbe ametuagiza wakongwe tukae nyumbani. Shujaa haendi uwanjani kusubiri chakula kama ombaomba. Ataletewa."

"Na unaletewa?"

"Jumbe ana mengi. Husahau."

"Kila mwaka?"

"Pimbi, mimi niliapa kumtii Jumbe. Usinitie mdomoni maneno ya kumsema."

"Nani kakwambia umseme? Mimi nataka uje upige ngoma. Ngoma si yenu?"

"Ni yetu. Lakini siku hizi hupiga Nyani."

"Nyani hajapigana hata na kiroboto. Njoo upige wewe, umheshimu Jumbe wako."

"Nimeagizwa nikae nyumbani."

"Umeagizwa usije kusubiri chakula, babu. Njoo upige ngoma, usile kitu."

Mzee Nyati akaliwaza, akaligeuza, hakuona kosa.

Siku ya Mashujaa ilipofika, Pimbi aliwahi uwanjani kabla ya wote. Akazunguka mikeka, akazitafuna kamba: kriti, kriti, kriti. Kila kamba akaiachia uzi mmoja. Kisha akakaa mstari wa mbele na adabu zake, kama mkwe aliyekuja kuposa.

Wanyama wakajaa. Maboga yakaingizwa. Jumbe akaingia. Kwachu, kwachu, kwachu.

Mara ikasikika nyuma yao: kwaru, kwaru, kwaru. Wakageuka. Mzee Nyati huyo anakuja, amekonda kama ufito.

"Huyu si yumo ndani anakula?" Mama Ngiri akauliza. "Na kama yuko hapa, huko ndani anatafuna nani?"

Nyani akampisha mzee kwenye ngoma, bila ubishi.

Ndu. Ndu. Ndu.

Wote wakasimama tuli. Huko ndani ikasikika kwachu moja, halafu kimya. Ngoma ikatikisa ardhi, ardhi ikatikisa mikeka, nyuzi zikakatika, ta, ta, ta, na mikeka yote ikalala chini, puu.

Jumbe Kiboko huyo, peke yake. Boga zima mdomoni, jingine kalikanyaga asinyang'anywe, mbegu zimemganda kidevuni. Mkongwe hata mmoja hayupo.

Mguu wake wa mbele ukainuka, akitaka kukimbilia mtoni. Pimbi, bila kugeuza shingo, akasema taratibu, "Jumbe, Swala alijikuna tu."

Mguu ukarudi chini.

Mzee Nyati akamtazama Jumbe wake, akamtazama sana. Hakumtukana. Aliendelea kupiga, ndu, ndu, ndu, kwa utiifu wote, maana ngoma ile hainyamazi mpaka Jumbe aseme "Basi". Na Jumbe hawezi kusema basi mpaka kwanza alitoe boga mdomoni, mbele ya watu wote.

Hadithi imefika mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, ilikuwa ya jirani.

Na funzo lake, wajukuu zangu: mtiini mkubwa wenu, mkiambiwa mkae nyumbani mkae, na kamba za serikali msizitie meno.