Nguchiro na Jedwali Lililobanana

Paukwa!

Pakawa!

Walio mbali wasogee, walio karibu wanyamaze. Hapo zamani za kale, zamani ambayo wanyama walishakuwa na simu, na msiniulize chaji walipata wapi, palikuwa na kisima kimoja. Kisima kimoja, wanywaji wengi. Nguchiro ndiye aliyetunza ukurasa wa mtandaoni wa zamu. Ukurasani mlikuwa na jedwali: huku jina, huku saa.

Jedwali lenyewe lilibanana. Neno limelalia neno, mstari umekalia mstari. Asubuhi moja Paa akafungua simu, jicho likateleza mstari mmoja chini, akasoma saa ya Chui akidhani ni yake. Akaenda na mtoto. Vuu! Chui huyo. Walipona wote wawili, lakini Paa alirudi sikio limechanika.

Nguchiro alipoliona sikio lile, uso ukamshuka. Aliona aibu, maana jedwali alilipanga yeye.

Akaketi kulirekebisha. Penye jina akabonyeza kitufe cha nafasi tupu, ta-ta-ta. Penye saa, ta-ta-ta. Kisanduku baada ya kisanduku, kutwa nzima, mpaka vidole vikamfa ganzi. Akafungua ukurasa. Umebanana vilevile. Kurasa za mtandaoni ndivyo zilivyo: zipe nafasi tupu kumi, zitaonyesha moja.

"Mimi sirudi kisimani, Bwana Nguchiro," Paa akamwambia kesho yake asubuhi.

"Na mtoto, Mama Paa?"

"Mtoto atalamba umande."

Umande ulikwisha kukauka, na mtoto alikuwa anahema.

Mchwa alikuwa akipita na tope mdomoni. Akalitua.

"Kaka Nguchiro, kwetu vyumba ni elfu. Unadhani kila ukuta tunaupima upya?"

"Mnafanyaje?"

"Tunakubaliana mara moja, kabla ya kujenga. Ndani ya chumba, upana huu. Kati ya chumba na chumba, unene huu. Vyumba vyote vinafuata."

Nguchiro akafuta nafasi zake zote. Ilimuuma. Kisha juu kabisa ya ukurasa akaandika kanuni mbili za mtindo. Ya kwanza: ndani ya kila kisanduku, neno likae mbali na ukuta. Ya pili: kati ya kisanduku na kisanduku, pawe na pengo. Chap, jedwali zima likapumua kwa pamoja.

Paa akasoma. Akasoma tena. "Saa tatu, mimi. Saa nne, Chui." Akamtazama Nguchiro. "Ukikosea tena, bwana, haitakuwa sikio."

"Najua. Ndiyo maana tunakwenda wote."

Saa tatu wakaenda. Mtoto akanywa, gu-gu-gu. Nguchiro akasimama mbele yake, wala hakuondoka mpaka mtoto aliposhiba maji. Saa nne Chui akafika, akakuta kisima kimetulia, hakuna mtu.

Basi wanangu, na nyie wazazi wao: ukiwapangia wenzako mambo, weka kanuni ya wazi juu ya yote, usisukume kila neno kwa mkono. Na kazi yako ikimuumiza mtu, irekebishe, kisha wewe mwenyewe uwe wa kwanza kuijaribu.

Hapo ndipo inapoishia hadithi yangu; mwenye nyingine na atuhadithie.