Kobe Aliyemtuza Maiti

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, Bi Kobe alikuwa na rafiki yake, Nguchiro. Mwaka mmoja moto ukashika mbuga. Wenye mbio wakakimbia, wenye mbawa wakaruka. Kobe je? Kobe akaungua gamba. Akajifungia humo ndani, hali, hanywi, hasemi. Wanyama wakapita, wakasema, "Pole, Bi Kobe," wakaenda zao. Pole haimpi mgonjwa uji.

Nguchiro hakwenda. Akakaa mbele ya gamba, akaigiza. Akamwigiza Fisi anavyotembea, chopi, chopi. Akamwigiza Tembo anavyopiga chafya, chyaaa! Leo akaigiza, kesho akaigiza. Siku moja kikasikika kicheko kidogo humo ndani, kwi, kwi. Kobe akatoa kichwa. Akaomba maji.

Baadaye Nguchiro akahamia mbali, ng'ambo ya vilima, akajiunga na kikundi cha maigizo cha huko. Kobe akabaki na asante yake, hajapata kuitoa. Ilimkaa kooni kama mfupa. Basi akatunga mkufu wa mbegu nyekundu, akauvaa, akashika njia. Kwatu, kwatu. Akalala njiani, akaamka njiani. Kwatu, kwatu.

Akafika alasiri, mchezo umeshaanza, uwanja umejaa pomoni. Desturi ya huko, mchezaji akikukuna moyo, unainuka mchezo ukiendelea, unamtuza mbele ya watu. Twiga, malkia wa mchezo, alikuwa ametuzwa maua mpaka shingo haionekani. Na Nguchiro? Nguchiro alikuwa maiti! Amelala tuli, kafunikwa majani mpaka kidevuni. Kila mchezo alipewa sehemu za namna hiyo, na hakuwahi kutuzwa hata ua moja.

Kobe akaingia uwanjani. Kwatu, kwatu. Waombolezaji wa mchezo wakalia mpaka wakamaliza, Kobe hajafika. Wakaanza upya, Kobe hajafika. Watu wakaguna.

"Bibi we!" Fisi akapaza sauti. "Malkia yuko kule!"

"Namtaka huyu aliyelala."

"Huyo maiti! Tangu lini maiti akatuzwa?"

Watu wakacheka, kwa, kwa, kwa! Kobe akaona haya. Kichwa kikataka kurudi ndani ya gamba. Akakikaza, kikabaki nje.

"Ndugu zangu," akasema, "mie ndiye niliyekuwa nakufa. Huyu maiti mnayemwona ndiye aliyenifufua."

Kobe akavua mkufu, akamvika Nguchiro. Akamwinamia sikioni.

"Asante, mwenzangu. Nimechelewa, lakini nimekuja."

Nguchiro hakufumbua macho, maana mchezo ni mchezo. Lakini machozi yalimtoka, tiriri, yakalowesha majani. Kila mtu akayaona. Waombolezaji, waliopewa kazi ya kulia kwa uongo, wakalia kweli. Kobe hakuondoka. Alikaa hapo hapo kando ya maiti wake mpaka mchezo ukaisha.

Basi wanangu, na nyie wazazi mnaojifanya mnasinzia: aliyekufaa mpelekee asante yake angali anaisikia, hata kama kwake ni mbali. Usingoje alale kweli.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye rafiki wa mbali na aondoke nayo.