Fizi za Fisi

Mwaka huo mvua ilikataa, nyika nzima ikabaki rangi ya majivu. Wanyama wakaona kila mmoja kupika kivyake ni kufa kivyake, wakakubaliana wale chungu kimoja. Simba akaleta nyama kavu, Kobe kunde, Bi Kanga mtama, na Sungura, mwenye kijibustani kando ya kisima, akaleta mchicha na mihogo.

Mwiko wakampa Fisi. Ndiyo, Fisi! Alisimama mbele yao akaapa, "Wenzangu, mimi chakula cha kuchemsha hakinipiti kooni. Nitawapikia tu, kwa mapenzi." Wakampigia makofi, wajinga wale.

Kiangazi kikaendelea, na nyama chunguni ikawa harufu tu. Kunde zipo, mtama upo, mchicha umejaa, nyama hakuna. Simba akanguruma hadi kifuniko kikaruka.

"Nani anakula nyama yangu?"

"Mimi sisemi, baba," Fisi akajibu, akipangusa midomo. "Lakini anayekaa karibu na jiko akichambua mchicha ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Sungura.

"Mimi? Nyama?"

"Njaa hii, jamani!" Fisi akasema. "Juzi nimemwona Twiga akilamba mfupa."

Simba hakupenda kuonekana hajui jambo, akahukumu palepale: "Asipopatikana mwizi mwingine kabla jua halijatua, Sungura ahame kisimani na wanawe wote." Kuhama kisimani wakati ule ilikuwa kwenda kufa kwa kiu, na wana wa Sungura walikuwa bado wananyonya.

Sungura hakulia. Alimtazama Fisi akicheka, akaona fizi zimevimba, nyekundu kama nyanya iliyopasuka. Akaenda bustanini, akang'oa muhogo, akaumenya ukawa mweupe kama pamba, akakata vipande.

"Bwana Simba, kila mmoja aume kipande kibichi, kisha akionyeshe."

"Huo uganga gani?" Fisi akadakia.

"Si uganga, ni chakula. Unaogopa muhogo, kaka?"

Simba akauma kwanza, maana yeye lazima awe wa kwanza hata kupiga chafya. Kipande kikabaki cheupe. Cha Kobe, cheupe. Cha Sungura mwenyewe, cheupe. Bi Kanga, asiye na jino hata la kuazima, akadonoa chake, cheupe. Fisi akauma kidogo kwa ncha ya mdomo. Kipande kikatoka chekundu, na jino limesimama katikati kama kigingi.

"Nimejing'ata ulimi!" akapiga kelele.

"Utoe tuuone," Bi Kanga akamwambia.

Ulimi ukatoka, mrefu, mzima, bila hata mkwaruzo.

"Sisi tunakula kila kilichomo chunguni, ndiyo maana fizi zetu ni imara," Sungura akasema. "Huyu mboga anazisukuma pembeni, anaopoa nyama tupu. Tumbo limejaa, lakini mwili umekosa mengine yote."

"Kumbe!" Bi Kanga akaangua kicheko. "Ndiyo maana akiingia kichakani kujisaidia anakaa mpaka jua linageuka, anagumia kama anazaa!"

"Ni magoti yananiuma tu," Fisi akanong'ona.

"Hata magoti?" Sungura akasema. "Basi mchicha unakuita, kaka."

Simba akamnyang'anya mwiko, akampa Sungura. Sungura akabaki kisimani kwake na wanawe. Fisi naye akahukumiwa kula mbele ya wote: bakuli la mchicha na kunde kwanza, mtama ufuate, nyama mwisho, tena kipande kama cha kila mtu.

"Mchicha mchungu, baba!" akalia.

"Meza," Simba akasema.

Nyama ni tamu, hakuna aliyeitukana. Lakini mwili una kazi nyingi, na nyama haiwezi kuzifanya zote peke yake; inataka mboga, kunde na nafaka zisaidiane nayo. Asiyeamini akamtazame Fisi mpaka leo anavyotafuna kwa upande mmoja.