Leseni ya Bwana Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na nyumba!"

"Ya nani?"

"Ya Kiboko!"

Basi sogeeni mkekani, na wewe mwenye kikohozi kaa mbali nami.

Zamani nyumba ile ilikuwa ya mama yake Kiboko. Vyumba vinne, ukumbi mpana, ua wa kupikia pamoja. Anayekaanga samaki humpa jirani kipande, anayechelewa kurudi huwekewa chakula. Ah, jamani, nyumba ile! Naitamani mpaka leo, na wala sikupata kuishi humo.

Mama akafa, Kiboko akarithi. Akapigilia mbao, ko! ko! ko!, kila ubao kaugongomelea kwenye mwenzake, vyumba vinne vikawa kumi na sita. Ukumbi akaupangisha. Ua akaupangisha. Katika chumba cha mwisho, chini ya paa linalovuja, alikaa Sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, na watoto wake watatu.

Siku moja Baraza la Mji likatangaza: hakuna kupangisha bila leseni, na Kobe, bwana afya, atakagua kila chumba. Kiboko akamwendea Sange.

"Wewe umezidi kulalamikia paa. Chukua wanao utoke leo, Kobe asikukute!"

Sange akawatazama wanawe. Masika yale, aende wapi na watoto? Akanusa hewa, fu! fu!, akajua mvua inakuja.

"Nitatoka, baba mwenye nyumba. Ila wewe ingia ujilaze humu. Kobe akiona hata Kiboko anaenea, atakupa leseni ya vyumba ishirini."

"Ishirini!"

Kiboko akaingiza kichwa. Akaingiza tumbo, kwiiichi! Akakwama.

Mvua ikaanza. Kobe akafika.

"Bwana Kiboko, humo nafasi ipo?"

"Ipo tele!"

Ndo! Tone puani.

"Dirisha lipo?"

"Lipo, limejificha!"

Ndo! Ndo! Matone sikioni.

"Na paa je?"

"Paa zima!"

Chururuu! Maji yakamjaa mdomoni.

"Nitoeni! Hapa hakai hata adui yangu! Nani kajenga balaa hili?"

"Wewe," akasema Kobe, akaandika polepole. "Leseni hakuna."

Wapangaji wakaja kumtoa. Wakavuta mkia, wapi! Wakavuta mguu, wapi! Wakang'oa ubao mmoja, nao ukavuta mwenzake, na mwenzake, kra! kra! kra! Kiboko alipotoka, vyumba vilikuwa vinne, na ukumbi mpana. Akaezeka makuti mapya huku ananuna, ndipo akapewa leseni: ya vyumba vinne basi. Sange akabaki na wanawe, wakavu, na jioni ile uani palinukia samaki wa kukaanga.

Hadithi yangu imefika kizingitini, naifungia mlango. Na funzo lake? Mkija kuwa wenye nyumba, wanangu, pangisheni chumba chochote mtakacho, ila msithubutu kuingia ndani yake.