Kamba Mbili na Kiwanja cha Saba

Soma taratibu, kisha mpelekee jirani yako, hata kama hamsalimiani.

Mafuriko yalipozifukuza kaya sita, mtemi mmoja alizipa uwanda wenye kisima kimoja. Kaya tatu zilimfuata mjane Kabula, tatu zilimfuata shemeji yake Mihayo, na pande hizo mbili zilikuwa hazipikiki chungu kimoja.

Mtemi akampa kila kiongozi kamba moja na vigingi vitatu. Kila mmoja aizungushe kamba yake kwenye vigingi na kuifunga. Kabla ng'ombe hawajarudi zizini, ndani ya kamba hizo vipatikane viwanja saba. Wakishindwa, waondoke.

Kabula alichanganyikiwa. Kaya ni sita. Cha saba cha nani? Na kamba mbili zitazaaje saba? Akaifunga yake kukizunguka kisima. Akahesabu: kiwanja kimoja. Mihayo akafunga yake kando: viwili. Wakazisogeza, wakazigusanisha, bado viwili. Kabula akaanza kushuku kwamba mtemi ameshaamua kuwafukuza, anatafuta kisingizio tu.

Jua lilipoinama, Mihayo uvumilivu ukamwishia. Aling'oa vigingi vyake, akaitandaza kamba juu ya ile ya Kabula, pembe zikielekea upande mwingine, mpaka nayo ikakizunguka kisima, akapigilia vigingi upya. Akasema kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa na maji.

Kabula akamwendea kwa hasira aing'oe. Njiani akaruka pembe ya Mihayo iliyochomoza nje ya kamba yake mwenyewe, kisha nyingine. Akasimama. Pembe zake tatu, za Mihayo tatu. Na katikati, penye kisima, kipande kimoja.

Hakuamini. Akahesabu upya kwa kidole, akapotea, akamwomba Mihayo ahesabu yeye.

"Saba," Mihayo akasema, naye akionekana kutoelewa.

Mtemi alipofika, aliuliza kiwanja cha katikati ni cha nani.

"Kiko ndani ya kamba yangu," Mihayo akasema.

Kabula akazitazama zile kamba. "Na kiko ndani ya yangu, Mtemi. Ni chake chote, na ni changu chote."

Mtemi akawaambia wakaze vigingi, kwani mvua ilikuwa inakaribia.

Funzo: Mpaka wa mwenzako ukiingia ndani ya wako, usikimbilie kuung'oa. Tazama kwanza mnachomiliki pamoja.