Faru Aliyefichwa Kichakani

Zamani, watoto wangu, zamani ile ambayo fisi alikalia kiti cha uongozi na pimbi alikuwa na mke wa kumsema, wanyama walikuwa na timu mbili za mpira. Moja iliitwa Bondeni, nyingine Mlimani. Nawaambia mapema kwamba mimi ni wa Bondeni, kwa hiyo msitegemee nisimulie kisa hiki bila kukasirika.

Timu hizo zilikutana mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha. Hazikugombea kombe. Ziligombea chemchemi. Walioshinda walikunywa juu, pale maji yanapotoka kwenye jiwe, kiangazi kizima. Walioshindwa walikunywa chini, kwenye dimbwi, baada ya wenzao kunywa, kuoga, kufua na kugaagaa.

Bondeni walikuwa wameshindwa misimu mitatu mfululizo.

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu ya Faru, na kwa sababu ya aliyempanga Faru. Siku za ujana wake, hilo silikatai, Faru alikuwa akipiga shuti miti inapukutisha majani. Lakini ujana ule ulikwisha. Sasa alikuwa mzito, anahema akitembea, na macho yake hayaoni hatua kumi mbele. Mwaka uliopita alipewa pasi nzuri, goli liko wazi, kipa wa Mlimani ameanguka huko. Mpira ukasimama miguuni pake. Faru akageuka nyuma kuuliza mpira uko wapi. Mashabiki wote wakamwonyesha. Akapiga hatua kuutafuta, akaukanyaga. Puu! Ukapasuka.

Bondeni wakafungwa manne. Na baada ya hapo, sikilizeni vizuri, Mwenyekiti Kiboko akampa Faru mkataba mpya wa misimu mitano. Mitano!

Huko mikataba haikuandikwa. Mchezaji alikwenda kando ya bwawa la Mwenyekiti, akakanyaga udongo wa mfinyanzi mbele ya kamati, na wao wakapima unyayo wake. Ukizama kidogo, msimu mmoja. Ukizama sana, misimu mingi. Faru alipokanyaga, tope lilimfika karibu na goti. Kamati nzima ikapiga makofi kana kwamba amefunga goli.

Akaja Digidigi. Binti mdogo, miguu kama vijiti, lakini mazoezini alikuwa amefunga magoli kumi na moja, na mabeki walikuwa bado wanamtafuta. Akakanyaga udongo. Haukubonyea. Akakanyaga tena, akaruka juu, akatua kwa miguu yote minne. Wapi! Kiboko akacheka, akasema mchezaji asiye na uzito hawezi kupewa mkataba, akakae benchi. Digidigi akainama, akajifuta miguu kwenye majani, akaenda kukaa benchi.

Alikuwapo shabiki mmoja aliyeyaona yote hayo, naye ni Pimbi. Pimbi hakuwahi kukosa mazoezi hata siku ya mvua. Alipanda juu ya jiwe lake akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Siku ile ya udongo alirudi nyumbani ana hasira. Akamkuta mkewe, Mama Sikudhani, anachuja maji ya dimbwi kwa kitambaa. Alikuwa ameyachuja mara tatu na bado yalikuwa na rangi ya ugoro. Sikudhani mwenyewe, mtoto wao wa mwisho, alikuwa amelala mkekani akishika tumbo. Ndivyo ilivyokuwa kila kiangazi tangu Bondeni waanze kushindwa, na kiangazi kilichopita nusura mtoto huyo awatoke.

Mama Sikudhani alimwambia mumewe kwamba kelele za uwanjani hazijawahi kusafisha maji. Kama ana neno, akamwambie mwenye timu.

Pimbi akaenda. Akamkuta Kiboko amejilaza bwawani kwake, lile bwawa refu ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kutia mguu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari za Faru, geuka urudi."

"Nimekuja kwa habari za Digidigi."

"Ni habari zilezile," alisema Kiboko. "Faru ana jina. Mlimani wakilisikia wanatetemeka."

"Mwaka jana hawakutetemeka. Walitufunga manne."

Kiboko akafumba macho, akauliza lile swali ambalo viongozi wote huwauliza mashabiki. "Wewe Pimbi umewahi kucheza timu gani?"

"Sijacheza popote," alijibu Pimbi. "Lakini maji ya dimbwi nayanywa mimi na watoto wangu. Wewe unalala majini mwaka mzima. Bondeni ikishindwa, wewe unapungukiwa nini?"

Kiboko alizama, bluu-bluu-bluu, akabakiza mapovu. Na hapo ndipo Pimbi alipojua kwamba maneno ya kweli hayatafika kwa bwana yule. Itabidi atafute mengine.

Sasa, mnaijua tabia ya viongozi wa mpira. Wakisikia mchezaji wao anatakiwa na wapinzani, hawamuulizi mchezaji anataka nini. Wanamficha. Wanamfunga chumbani, wanamwekea chakula, wanaweka na mlinzi mlangoni, ili wapinzani wasije kumrubuni. Bondeni waliwahi kuibiwa Swala kwa namna hiyo siku mbili kabla ya mechi, na tangu siku ile Kiboko alikuwa anashtuka hata akisikia jani limeanguka.

Siku tatu kabla ya mechi, Pimbi alipita mbele ya bwawa anakimbia. Akarudi anakimbia. Akapita tena huku akitazama nyuma.

"Wewe, kuna nini?" aliita Kiboko.

Pimbi alisema hakuna kitu. Kiboko akamshikilia aseme. Pimbi akasema si yeye Mwenyekiti aliyemkataza kuleta habari za Faru? Hapo Kiboko akainua kichwa chote majini, maji yakimchuruzika, akaamuru aambiwe mara moja.

"Basi, usinilaumu," alisema Pimbi. "Kuna wageni wawili wa Mlimani wamebeba nyasi mbichi, mzigo mkubwa. Wananiuliza nyumba ya Faru. Nimewaelekeza kwingine, lakini watafika tu. Kusema kweli mimi nimefurahi. Waache wamchukue."

"Wamchukue!" Kiboko alitoka majini kama mlima unaohama. "Huoni sasa? Wenzetu wanaijua thamani yake, nyinyi mnamzomea!"

Pimbi akainamisha kichwa kama aliyeshindwa. Alipokuwa anaondoka akanong'ona, kana kwamba anajisemea mwenyewe, kwamba hata akifichwa haitasaidia, maana Fisi, kiongozi wa Mlimani, anajua kuiga sauti ya mtu yeyote.

Kumbe neno hilo ndilo lililomchoma Kiboko kuliko yote. Alimwendea Faru, akampeleka mwenyewe mpaka kwenye kichaka cha miiba nyuma ya kilima, akamjazia majani ya viazi mpaka mdomoni. Kisha akamwonya. Asimfuate yeyote atakayekuja kumwita. Hata akisikia sauti ya Mwenyekiti mwenyewe, ajue huyo ni Fisi, amtimue. Asitoke mpaka asikie baragumu la mechi, ndipo aje mbio uwanjani.

Mmelisikia hilo? Baragumu la mechi. Na sheria ya mchezo, ambayo hata vifaranga waliijua, ilisema baragumu likilia, aliye nje ya mstari hachezi. Kiboko aliijua sheria hiyo kama anavyojua masikio yake. Lakini kiongozi akishaogopa kuporwa nyota, akili yote inahamia kwenye kufuli.

Pimbi, aliyekuwa amewafuata nyuma na kujibanza juu ya jiwe, aliyasikia yote. Hakuwa ametarajia makubwa hivyo. Alitaka tu Faru akae mbali na mazoezi, huenda Digidigi akaonekana. Alikwenda nyumbani akamweleza mkewe.

"Umesema uongo, baba Sikudhani."

"Nimesema uongo mmoja," alikiri Pimbi. "Wameumeza kwa sababu wanaupenda."

Siku ya mechi ikafika, jua la asubuhi, uwanja umejaa. Kiboko akamtuma Ngiri akamlete Faru. Ngiri akaita kwa adabu zote mbele ya kichaka. Kishindo, kishindo, kishindo! Ngiri akarudi mkia juu, hana hata pumzi ya kueleza.

Kiboko akakasirika, akaenda mwenyewe. Alisimama nje ya miiba akaita kwa sauti yake nzito, "Faru, ndugu yangu, ni mimi. Toka twende."

Faru akajibu kutoka kichakani, mdomo umejaa majani. "Mwenyekiti aliniambia utakuja, Fisi. Akasema utakuja na sauti yake."

"Faru, ni mimi Kiboko! Nitazame!"

Ah, amtazame kwa macho yapi? Faru aliona kitu kikubwa cha kijivu, akainamisha kichwa, akaja. Kiboko ambaye hakuwahi kukimbia tangu azaliwe alikimbia siku ile. Alifika uwanjani na miiba matakoni, na tayari mshika baragumu alikuwa anapuliza mara ya kwanza, ile ya kuonya. Bondeni walikuwa kumi. Kwenye benchi alibaki mmoja.

"Ingia," Kiboko alimwambia Digidigi bila kumtazama.

Watoto wangu, mechi ile sitaisimulia yote, koo litaniuma. Mlimani walikuwa na Nyati katikati ya ulinzi, na kwa saa nzima hakuna aliyepita. Wachezaji wa Bondeni walizoea kumtafuta Faru, wakawa wanapiga mpira mahali ambapo Faru angesimama, na pale hapakuwa na mtu. Kiboko akawa anatikisa kichwa, anawaambia wanakamati, mnaona sasa, mnaona. Mpaka Nyani, kipa wa Bondeni, alipochoka, akaurusha mpira mbali, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

Digidigi aliufikia. Nyati akamwendea. Digidigi akausukuma mpira katikati ya miguu ya Nyati, kisha, hamtaamini, akapita yeye mwenyewe njia ileile. Nyati akabaki ameinama anachungulia tumbo lake. Digidigi akatazama kipa, akatazama pembeni, akauweka. Taratibu tu.

Bondeni moja, Mlimani bila. Ikabaki hivyo mpaka mwisho. Pimbi alilia pale juu ya jiwe, wala hakuona aibu, na mashabiki walimrusharusha mpaka akapata kizunguzungu.

Faru akatokea hapo, anahema, miiba imemning'inia shingoni. Maana baragumu alilisikia, na kutoka nyuma ya kilima hadi uwanjani kwa miguu ile ni mwendo wa mechi nzima. Akauliza tumefungwa ngapi.

Mngedhani Kiboko angeona haya. Hapana! Alipanda kichuguu, akaomba kimya, akasema ushindi huu umetokana na mipango ya uongozi. Akasema alimficha Faru makusudi ili kuwachanganya Mlimani. Na kwa kuwa Mlimani bado wanamtaka Faru kwa udi na uvumba, kamati imeamua kumwongezea misimu mingine mitano. Jina la Digidigi hakulitaja.

Hapo Pimbi hakuweza kuvumilia. Nami nisingeweza.

"Mwenyekiti," alisema, na uwanja wote ukamgeukia. "Hakuna mgeni aliyekuja na nyasi. Mimi ndiye niliyesema. Nilikudanganya ili Faru asicheze, na nikikosea mnipige. Lakini Fisi yule pale. Muulizeni kama anamtaka Faru."

Macho yote yakahamia kwa Fisi. Fisi alikuwa ameshindwa siku ile na hakuwa na sababu ya kumpendeza mtu. Alijikuna sikio, akajibu polepole.

"Tumchukue tumpeleke wapi? Sisi kila mwaka tunaomba dua mumpange."

Hakuna aliyecheka. Misimu mitatu ya tope iliwapanda watu wa Bondeni kooni kwa pamoja, wakamkodolea macho Mwenyekiti wao. Kiboko akamgeukia Faru, akamsihi awaambie hawa kwamba yeye bado ni mchezaji.

Faru alisimama, akaitoa miiba shingoni mmoja mmoja.

"Mimi nimechoka tangu mwaka juzi," alisema. "Magoti yananiuma. Kila mnaponiita nikanyage udongo, nakanyaga. Hakuna aliyeniuliza."

Basi yalikuwa yamekwisha. Kiboko alishuka kichuguuni, umati ukampisha bila kumgusa, akaenda zake bwawani na hakuitwa tena Mwenyekiti. Siku ileile kamati mpya ilimpa Digidigi misimu mitano bila kumpima chochote. Faru akaombwa awafundishe watoto kupiga shuti, kazi ambayo aliipenda. Na jioni ile Pimbi alimbeba Sikudhani mgongoni hadi kwenye jiwe linalotoa maji, akamwacha anywe mpaka atosheke.

Kisa changu kimefika hapo, na mwenye kutaka kubishana aje na magoli yake. Ninachowaambia ni hiki: anayecheza ndiye apewe nafasi, si anayejulikana.