Mbio Fupi za Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Nianze, au mmeshasinzia?

Anza, tu macho!

Hapo kale, kale hasa, wanyama wa mbuga moja kavu walikuwa na desturi. Kila asubuhi, kabla ya kunywa maji, wote walizunguka kilima mbio, wakubwa kwa wadogo. Wa kwanza alikunywa maji safi. Wa mwisho alikunywa matope. Msimamizi wao alikuwa Kongoni, mwenye miguu mirefu.

Digidigi aliichukia desturi ile. Mwanawe wa kwanza alizunguka kilima, akafika kisimani magoti yakitetemeka, na Duma akamkamata pale pale. Sasa alibakiwa na mmoja tu, mwembamba kama ufito.

Akamwendea Kongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, Duma akitufukuza, hutufukuza kilima kizima?"

"Hata! Yeye huchomoka kichakani, chwaa! Akikukosa mpaka ukafika ule mgunga, basi tena."

"Sasa mbona twajimaliza kilimani, kisha twamfikia hatuna pumzi?"

Kongoni akakunja uso. "Babu zetu walizunguka. Wewe una miguu ya njiti, ndiyo maana unatafuta visababu. Asiyezunguka atakunywa mwisho."

"Nitakunywa mwisho," akasema Digidigi.

Tangu siku hiyo, wenzake wakienda kilimani, yeye na mwanawe walibaki chini. Walitimka kutoka kichuguu kimoja hadi ule mgunga kwa nguvu zao zote. Wakasimama. Wakahema. Pumzi iliporudi, wakatimka tena. Huku mama akiimba:

Timka, mwanangu, timka,
Simama, vuta pumzi,
Timka tena!

Pundamilia akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani, tazameni! Mama na mwana wanaendesha! Kutwa mbio kichakani!"

"Wapeni majani ya mpera yafunge tumbo!" akadakia Ngiri.

Digidigi akaendelea kuimba. Jua likiwa bado changa, mazoezi yao yalikuwa yamekwisha, nao wakakaa kivulini kungoja matope yao.

Asubuhi moja, wenzao walirudi kutoka kilimani ndimi nje. Duma akachomoka nyuma ya kichuguu. Wanyama wakatawanyika wakijikwaa. Duma akamwona aliye mdogo kuliko wote, mtoto wa Digidigi, akamfuata.

Katika msukumano ule, mama alikuwa ametupwa mbali. Hakuwa na pembe za kupigania wala mbawa za kumfikisha. Alikuwa na sauti tu.

Timka, mwanangu, timka!

Mtoto akatimka. Kucha za Duma zikagusa mkia, mtoto akazama kichakani.

Simama, vuta pumzi!

Duma akasimama pia, kifua kikipanda na kushuka. Akawaza, "Huyu amekwisha, kama wenzake." Akaingiza kichwa kichakani.

Timka tena!

Mtoto akatoka upande wa pili kama jiwe la kombeo. Duma akafuata, lakini safari hii kucha zilikamata vumbi. Mtoto akaingia kichaka cha pili, akavuta pumzi. Mara ya tatu alipotimka, Duma alipiga hatua chache, akajibwaga chini.

"We mtoto," akasema akitweta, "umekula nini leo?"

"Sijala, mjomba. Nimepumua tu."

Duma akajikokota kwenda zake, na njaa yake.

Digidigi alimlamba mwanawe kichwani, masikioni, mgongoni. 

Kongoni akaja polepole, ndama wake nyuma yake. Akakohoa.

"Mama Digidigi. Mwanzo ni kwenye kichuguu, au kwenye mgunga?"

"Kichuguu, mzee. Ila mkimbie kweli. Na mkisimama, msimame kweli."

Wasikilizaji, si mbio zote ndefu zina maana. Zoezi hupimwa kwa kazi yake, si kwa urefu wake, na anayejua kupumzika ana nguvu ya kuanza tena.

Hapa ngano yangu inakunja miguu. Tamu yake mgawane, chungu yake niachieni mimi.